Somo la Darasa la Wakubwa: Tuliinue Gari kwa Inchi Ngapi?

 

Somo hili limetokana na swali. Jumamosi iliyopita kijana wetu mmoja wa miaka kumi na saba alinisubiri baada ya kipindi. Amenunua pikapu ya mtumba kwa pesa alizopata kazini majira ya joto, na anataka kuiinua inchi sita ili ipite porini. Baba yake amekataa. Akaniambia, "Mwalimu, baba anayajua magari kwa Kiswahili cha gereji, mimi nayajua kwa Kiingereza cha video. Tunabishana, lakini hatuelewani hata tunabishania nini."

Mimi ni nesi, si fundi. Lakini nimeuliza mafundi, nimesoma, na miaka ya nyuma nimesafiri sana kwenye magari ya wagonjwa katika barabara mbaya. Someni somo hili nyumbani pamoja, mzazi na mtoto, kwa sauti.

1. Maneno ya somo

Chesisi: fremu ya chuma inayobeba bodi na injini.
Ekseli: mhimili unaoshika magurudumu ya kulia na kushoto.
Difu: lile tufe la chuma katikati ya ekseli, lenye meno ya kugawa nguvu kwa magurudumu mawili. Mara nyingi ndilo linalogonga jiwe kwanza.
Springi: chuma kinachobeba uzito wa gari na kunyumbulika. Kuna za mviringo, na kuna za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.
Shokomzoba: bomba lenye mafuta ndani linalotuliza springi isiendelee kurukaruka. Ndivyo kamusi inavyoandika. Gereji za Tanzania utasikia "shokapu", na wazazi wetu wa Kongo huchukua neno la Kifaransa, "amotisere".
Bushi: mpira unaokaa kwenye maungio ili chuma kisisage chuma.
Spesa: kipande kigumu kinachowekwa juu ya springi ili gari liinuke.
Tumbo la gari: sehemu yote ya chini inayotazama ardhi.

Kumbukeni: springi hubeba, shokomzoba hutuliza. Anayenunua shokomzoba ngumu akidhani zitabeba mzigo amepoteza pesa.

2. Gari huinukaje?

Kuna njia tatu, na kila moja huinua kitu tofauti.

Njia ya kwanza ni kuinua bodi peke yake. Vipande vigumu huwekwa kati ya bodi na chesisi. Bodi hupanda na tairi kubwa hupata nafasi, lakini chesisi, ekseli na difu hubaki palepale. Jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaligonga na leo.

Njia ya pili ni kuinua chesisi kwa kubadili springi, au kwa kuongeza spesa. Sasa tumbo la gari linapanda, na gari linaweza kukata kilele cha tuta bila kukwama katikati. Hata hivyo, kwenye ekseli nzima iliyoungana, difu imo ndani ya ekseli, na ekseli haijapanda.

Njia ya tatu ni tairi kubwa. Hii ndiyo pekee inayoinua ekseli yenyewe, tena kwa nusu tu ya nyongeza. Ukitoka tairi la kimo cha inchi 31 kwenda la inchi 33, difu inapanda inchi 1. Na mshale wa mwendo unaanza kusema uongo: ukisoma maili 60 kwa saa, kweli unakwenda karibu 64.

Pikapu nyingi za siku hizi hazina ekseli nzima mbele; kila gurudumu linajitegemea. Ukiinua gari la namna hiyo inchi sita, mashafti ya mbele yangekaa kwa pembe kali yakakatika. Kwa hiyo vifaa vingi vya inchi sita huja na vyuma vya kuishusha difu ya mbele, karibu pale ilipokuwa mwanzo. Kijana anaona inchi sita kwenye bampa, lakini chini ya difu hazipo. Kilichopanda hasa ni uzito.

3. Anza na mzigo

Kituo cha afya nilichofanyia kazi Tanzania kilikuwa na Land Cruiser, lile gari watu wanaloliita "mkonga" kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Mbele lilikuwa na springi za mviringo, nyuma zile za vyuma bapa, zilizotengenezwa kubeba mzigo mkubwa.

Gari likijaa watu, lilitulia barabarani. Likiwa tupu, kila shimo lilitutupa. Siku moja tulimbeba mama mwenye uchungu, na ndani tulikuwa mimi, yeye na dereva tu. Kila tulipopita kwenye makorongo mama alilia, nami sikuweza hata kumpima presha. Dereva akasimama, akawaomba vijana wa pale kijijini watujazie magunia manne ya mchanga. Tukayapanga sakafuni nyuma. Gari likashuka kidogo, likaacha kuruka, na safari iliyobaki mama akavumilia.

Sikuelewa wakati ule, lakini dereva alikuwa akitufundisha hesabu ya springi. Tuifanye.

Springi hupimwa kwa ratili zinazohitajika kuibana inchi moja. Chukua gari lenye springi mbili nyuma, kila moja ya ratili 200 kwa inchi. Weka mzigo wa ratili 800. Kila springi inapata ratili 400, kwa hiyo nyuma ya gari inashuka inchi 2. Ukiweka springi za ratili 400 kwa inchi, itashuka inchi 1 tu. Vizuri, ikiwa mzigo upo. Usipokuwepo, springi ile ngumu haina cha kuibana, na kila shimo linapanda moja kwa moja hadi mgongoni mwako.

Ndiyo maana karakana za Arusha zinazorefusha Land Cruiser za kupeleka watalii Serengeti na Ngorongoro huchagua springi kwa uzito wa kila siku: viti vya ziada, paa la kufunguka, maji, tairi za akiba, na wageni wenyewe. Gari hilo halikai tupu. Pikapu ya mwanafunzi wa Minnesota inakaa tupu karibu mwaka mzima, labda mifuko ya mchanga tunayoweka nyuma wakati wa theluji.

Na jambo moja wazazi walishike: kuinua gari hakuongezi mzigo unaoruhusiwa. Uzito wa mwisho umeandikwa kwenye kibandiko ukingoni mwa mlango wa dereva, na springi mpya haifuti kibandiko hicho.

4. Hesabu ya kupinduka

Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ina hesabu fupi inayotumiwa kupima jinsi gari linavyoweza kupinduka: chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, gawanya kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa dogo, gari linapinduka kwa urahisi zaidi.

Mfano wa darasani: upana ni inchi 60, kitovu cha uzito kiko inchi 27 kutoka ardhini.

Gari lilivyotoka kiwandani: 60 ÷ 54 = 1.11
Likiinuliwa inchi 2: 60 ÷ 58 = 1.03
Likiinuliwa inchi 6: 60 ÷ 66 = 0.91

Kwa kweli kitovu cha uzito hupanda pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu magurudumu na ekseli hazikuinuliwa. Lakini mwelekeo ni uleule. Mtu akikata kona ghafla kumkwepa paa usiku, inchi zile ndizo zinazoamua kama gari litateleza au litalala ubavu. Kazini nimewapokea waliopinduka. Waliofunga mkanda na wasiofunga hawafiki hospitali katika hali moja. Sisemi zaidi.

Tena urefu hausaidii kwenye barafu. Kinachoshika barafu ni tairi za majira ya baridi na mguu mwepesi kwenye pedali.

5. Mazungumzo gereji

(Wasomaji watatu. Fundi asome polepole.)

Kijana: Shikamoo, fundi.
Fundi: Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?
Kijana: Halina ubaya. Nataka kuliinua inchi sita.
Fundi: Unakwenda nalo wapi?
Kijana: Shule, kazini, na mara mbili tatu kwa mwaka Gilbert na wenzangu.
Fundi: Nyuma unabeba nini?
Kijana: Mara nyingi hakuna kitu.
Baba: Na Jumapili anampeleka bibi yake kanisani. Atampandishaje? Kwa ngazi?
Fundi: (anacheka) Mzee, tumsikilize kwanza. Mwanangu, ulipokwenda Gilbert, nini kiligonga?
Kijana: Bampa ya mbele, tulipoanza kupanda mlima. Na tumbo mara moja, kwenye tuta.
Fundi: Difu haikugonga?
Kijana: Hapana.
Fundi: Basi shida yako ni inchi mbili, si sita. Springi za uzito wa kawaida, na shokomzoba za urefu unaolingana nazo. Baada ya hapo tunanyoosha magurudumu, tunashusha taa zisiwapige wenzako machoni, na tunaangalia mipira ya breki isivutwe gurudumu linaposhuka. Baada ya maili mia chache unarudi nikaze bolti.
Baba: Na akitaka sita?
Fundi: Abadili mikono ya mbele, avute mipira mirefu ya breki, apime pembe za shafti, anunue tairi kubwa, na breki zifanye kazi zaidi. Springi ni mwanzo tu wa bili.
Kijana: Spesa je? Ni rahisi.
Fundi: Ni rahisi, na kwa inchi moja au mbili si dhambi. Lakini spesa haibadili springi. Kama springi imechoka, umeinua uchovu.

Gilbert inayotajwa hapa ni mji wa kaskazini mwa jimbo letu, kama mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Katika machimbo ya zamani ya chuma jimbo lilifungua eneo la magari ya porini mwaka 2002. Njia zake zimepangwa kwa ugumu, kwa hiyo mnaweza kuanza na nyepesi na gari kama lilivyo, mkaandika kinachogonga, kabla ya kununua chochote.

Wazazi, mjue pia kwamba sheria ya Minnesota, kifungu 169.73, inaweka mipaka ya kimo cha bampa. Isomeni kabla ya kulipa. Na chumvi ya barabara zetu hula bolti za chini; osheni tumbo la gari wakati wote wa baridi.

6. Sarufi fupi

Tazameni kitenzi kimoja kinavyogeuka:
Fundi anainua gari. (yeye anafanya)
Gari linainuka. (lenyewe linapanda)
Gari limeinuliwa na fundi. (limefanyiwa)
Baba amemwinulia bibi mguu apande. (kwa faida ya bibi)

Gari liko ngeli ya LI-YA: gari limeinuliwa, magari yameinuliwa. Springi iko ngeli ya I-ZI: springi imechoka, springi zimechoka.

7. Maswali

1. Kwa nini kuinua bodi peke yake hakuisaidii difu?
2. Magunia ya mchanga yalifanya nini kwenye gari la wagonjwa?
3. Springi mbili za ratili 300 kwa inchi zimebebeshwa ratili 900. Nyuma inashuka inchi ngapi?
4. Fundi aliuliza maswali gani kabla ya kutaja springi? Yaandike yote, kisha eleza kila moja lilimsaidia nini.
5. Tunga sentensi nne kwa inua, inuka, inuliwa na inulia.

Kazi ya nyumbani, mzazi na mtoto: Chukueni tepu. Pimeni gari lenu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne, likiwa tupu. Kisha familia nzima ipande, mpime tena. Mtaona springi zenu zimeshuka kiasi gani. Andikeni kwa Kiswahili, msichanganye.

Yule kijana na baba yake wameahidi kuleta vipimo vya pikapu. Hawajakubaliana bado. Lakini jana baba alinipigia simu kuuliza "breakover" ya mwanawe ni kitu gani. Nikamwambia: ni ile pembe ya kukata kilele cha tuta bila tumbo kugusa. Akasema, "Ah, kumbe ndiyo hiyo! Angeniambia hivyo toka mwanzo."

Tukutane Jumamosi. Njooni na daftari, kalamu na tepu.