Picha ya Mtoto na Mashine: Nafasi ya Akili Mnemba katika Tiba kwa Sanaa

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kumsaidia mwalimu kupambanua kazi anayoweza kuikabidhi mashine na ile asiyopaswa kuikabidhi, anapotumia uchoraji na ufinyanzi kuwafariji watoto wenye majonzi. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Mkoa wa Pwani. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliharibu nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tuchukulie kwamba mtoto mmoja wa huko amehamia kwa jamaa zake Mzenga, wilayani Kisarawe, akaingia Darasa la Nne. Ananakili kazi ubaoni vizuri, lakini hasemi na mtu. Je, mwalimu afanyeje?

Asili ya tiba kwa sanaa

Jina hili lilianza kutumiwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942. Alikuwa ameugua kifua kikuu, akaona kwamba kuchora kulimpunguzia unyonge kitandani. Miaka hiyo hiyo Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha kuchora watoto wa Kiyahudi waliofungwa Terezín. Michoro ya watoto hao, ipatayo 4,500, imehifadhiwa mjini Prague.

Wala wazo lenyewe si geni Uzaramoni. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, akaitunza kama mtoto wake. Kitu kinachoshikwa mikononi huweza kubeba mambo ambayo ulimi haujayafikia.

Mashine inaweza nini?

Tangu mwaka 2022 programu za akili mnemba zinazogeuza sentensi kuwa picha zimewafikia watu wengi. Mashine hizo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizokwisha kutengenezwa. Mtoto akisema, “Nyumba yetu na maji,” mashine italeta nyumba na maji, lakini nyumba hiyo haitakuwa ile aliyoipoteza. Tena picha itakuwa imekamilika mara moja, ilhali faida ya tiba imo katika kusitasita, kufuta, kuanza upya na kuamua mlango uwe wapi.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitangaza programu yake iitwayo ELIZA, iliyoiga maswali ya tabibu wa nafsi. Alishangaa kuona watu wakiifungulia mioyo yao, ingawa haikuelewa lolote waliloiambia. Fundisho hilo halijachakaa.

Matumizi yanayofaa ni mawili. Kwanza, mwalimu anaweza kuitumia kuandaa maswali na hadithi za kuanzishia somo. Pili, mtoto ambaye mikono yake haiwezi kushika kalamu anaweza kuielekeza kwa maneno, nayo irekebishe picha hadi yeye mwenyewe aseme, “Ndivyo.”

Hatua za somo (dakika 40)

1. Wape wanafunzi wote karatasi na mkaa, au udongo wa mfinyanzi. Usimtenge mwenye majonzi.
2. Toa mada pana, kwa mfano “Mahali ninapopajua.” Usimlazimishe mtu kuchora mafuriko.
3. Waache wafanye kazi kwa dakika 25. Pita kimya, usisahihishe wala usitoe alama.
4. Anayependa aeleze kazi yake. Uliza, “Hapa pana nini?” Usiulize, “Kwa nini umechora hivi?”
5. Kila mtoto aamue kama kazi yake itabandikwa ukutani au ataichukua.

Tahadhari

Mwalimu asiipige picha kazi ya mtoto na kuiuliza mashine maana yake. Rangi nyeusi yaweza kuwa huzuni. Yaweza pia kuwa mkaa tu, kwa sababu hakukuwa na rangi nyingine. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Jina la mtoto na habari za msiba wake visiingizwe katika mashine hizo. Na mtoto akionyesha dalili za kudhurika, mwalimu, ambaye si tabibu, amwone ofisa ustawi wa jamii.

Hitimisho

Mtoto wa mfano wetu anahitaji mtu mzima atakayetulia kando yake anapochora, na kungoja. Mashine impunguzie mwalimu kazi za maandalizi ili apate muda wa kungoja huko.

Maswali ya majadiliano

1. Ni vifaa gani vya kuchorea na kufinyangia vinavyopatikana karibu na shule yako bila gharama?
2. Mzazi akitaka kujua maana ya picha ya mwanawe, utamjibuje?