Maneno Manne Katika Neno "Mole"

Mwanafunzi wa kemia atafutaye neno la Kiingereza "mole" katika kamusi huenda akakutana kwanza na fuko, yule mnyama achimbaye ardhini. Lazima atashangaa, kwani mwalimu wake alikuwa akieleza kiasi cha chumvi kilichoyeyushwa katika maji. Kamusi haikukosea. Kiingereza kina angalau maneno manne yenye asili mbalimbali ambayo huandikwa kwa herufi hizo hizo, kama sisi tulivyo na kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kukaa.

La kwanza ni hilo la mnyama. (Yafaa ieleweke kwamba "mole" wa Ulaya si wa jamii ya panya, na chakula chake hasa ni minyoo, fuko wa Afrika Mashariki ni wa jamii ya panya, naye hula mizizi.) Jasusi aliyejificha ndani ya idara ya serikali huitwa "mole" pia, lakini hilo si neno jingine: ni fuko yule yule, kwa mfano wa kufanya kazi gizani. La pili ni doa la ngozi, neno la Kiingereza cha kale. La tatu ni ukuta wa mawe ujengwao baharini ili kukinga bandari. Hili asili yake ni neno la Kilatini "moles", yaani kitu kikubwa na kizito.

Neno la nne ndilo la kemia. Wataalamu walilichukua neno lile la Kilatini wakalidunisha kuwa "molecula", yaani bonge dogo, ndipo tukapata molekuli. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia Wilhelm Ostwald alilitumia kwa Kijerumani katika umbo fupi la "Mol". Kwa hiyo moli ya maabara ni ndugu wa ukuta wa bandari, wala haina udugu na fuko. Mwaka 1971 moli ilikubaliwa kuwa kizio cha msingi cha kimataifa, ikipimwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu mwaka 2019 idadi yenyewe ndiyo kipimo: chembe 6.02214076 × 10²³ kamili.

Kamusi nyingi kubwa za Kiingereza huyatenga maneno ya namna hii kwa tarakimu ndogo iwekwayo juu ya kila moja. Maana zilizozaliwa na neno moja, kama fuko na jasusi, hukaa chini ya tarakimu moja. Mwalimu na awaelekeze wanafunzi kuitazama tarakimu hiyo kabla ya kusoma maelezo.