Mbiu ya Mwili na Homa ya Chikungunya

Sisi wa Nanyamba twakaa juu ya uwanda wa Makonde. Katika uwanda huu huu, upande wa Newala, mwaka 1952 ilizuka homa iliyowaangusha watu wengi. Viungo viliwauma hata wakatembea wameinama. Ndipo ugonjwa ukapata jina la Kimakonde, chikungunya, yaani kile kinachokunja. Leo jina hilo latumika duniani kote.

Homa hii huletwa na kirusi kinachochukuliwa na mbu aina ya Aedes. Je, mwili hujilindaje?

Wahenga walisema: Ikilia mbiu ya mgambo, kuna jambo. Mwilini pia mna mbiu. Seli ikiingiliwa na kirusi hutoa protini iitwayo interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Protini hii huwaendea majirani, ikagusa kipokeo kilicho juu ya utando wa seli. Kipokeo nacho ni protini. Habari hupokezanwa ndani, protini moja kwa nyingine, mpaka kwenye kiini; na seli huanza kutengeneza silaha za kuzuia kirusi kisizaliane.

Lakini mbiu isiyokoma ni hasara: nani atakwenda shamba? Kwa hiyo seli iliyopokea habari hutengeneza pia protini za kufunga breki, ili kipokeo kinyamaze. Mbiu ikizidi kulia, uvimbe hubaki. Wataalamu wamekuta protini moja ya mbiu, interlukini-6, ikiwa nyingi katika damu ya baadhi ya wagonjwa walioumwa viungo kwa miezi. Basi bibi anayelalamikia magoti muda mrefu baada ya homa kupoa hadanganyi, wala hakurogwa.

Mbu huyu huuma mchana, na huzaana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba. Huku kwetu maji ni ya shida, nasi hatuna budi kuyaweka akiba. Basi yatupasa kufunika mitungi na mapipa, na kuyasugua ndani kila juma, maana mayai hugandama ukutani. Mwenye homa aende zahanati akapimwe, kwani malaria nayo huanza vivyo hivyo.

Maswali
1. Interferoni hupeleka habari gani, na kwa nani?
2. Kwa nini mbiu ya mwili yahitaji breki?
3. Nyumbani kwenu, ni vyombo vingapi vya maji visivyo na kifuniko?