Sema Mapema, Kisha Subiri

Wadogo zangu, mwezi huu nataka tuongee kuhusu dada wa kazi. Najua wengine mmeshaguna. Penye akina mama watatu, iwe saluni, kwenye kikoba au kwenye benchi la kliniki, habari ni ileile: umeamka alfajiri uwahi daladala, mtoto analia, chai haijabandikwa, begi la dada halipo. Kaondoka bila kuaga. Na anayesimulia humalizia, "Nilivyomvumilia yule binti!"

Mimi huuliza: ulimvumilia nini? Hapo orodha hutoka bila kukwama. Aliunguza maharage. Anashinda kwenye simu. Anamwacha mtoto na nepi iliyolowa mpaka mchana. Nikiuliza hayo alimwambia lini, jibu huwa zito. Mengi hayakutamkwa hata mara moja. Yaliwekwa akiba mpaka siku mama kafokewa ofisini, foleni ya Mbagala imemmaliza, akaingia ndani akakuta sufuria nyeusi, basi miezi mitatu yote ikamwagwa jikoni mbele ya watoto. Makosa ya Januari, binti anayasikia Aprili. Ningekuwa yeye, na mimi ningefungasha.

Ndiyo maana nasema tugeuze mpangilio. Sema kwanza, jambo likiwa bado dogo. Subira ije baadaye, wakati anajifunza, maana huko ndiko inakohitajika hasa.

Chukua jiko la gesi. Binti amekulia kijijini Iringa akipikia kuni kwenye mafiga. Umempokea stendi Jumapili, Jumatatu unamwachia mtungi na kiberiti. Anaogopa utalipuka, na hofu yake ina sababu. Siku ya kwanza pika naye: fungua dirisha, washa kiberiti ndipo ufungue gesi, ukimaliza funga mpaka kule kwenye mtungi. Mwambie wazi kwamba akisikia harufu ya gesi asiwashe chochote, hata swichi ya taa. Afungue milango, atoke na mtoto. Siku ya pili awashe yeye, wewe usimame pembeni bila kumnyang'anya kiberiti. Wali utaungua. Wiki hiyo kuleni ukoko, na usimhesabie.

Uwazi wenyewe unaanzia kwenye pesa. Kubalianeni siku anayofika: mshahara kiasi gani, unatoka tarehe ngapi, siku gani ya wiki ni yake. Andikeni kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Mlipe yeye mwenyewe, mkononi au kwenye simu yake, si dalali aliyemleta wala shangazi yake. Kuna wanaodhani sheria inaishia getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu kuwa mfanyakazi kamili: kuna likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, kuna saa 24 za kupumzika kila wiki, na kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza, notisi ya kuachana ni siku 28 kwa pande zote mbili. Mweleze na yeye hayo. Wengi hutoroka alfajiri kwa sababu wanaamini kwamba wakiaga watanyimwa mshahara. Na mwezi ukikubana, mwambie tarehe 20. Usingoje tarehe 30 imkute ameshamwahidi mama yake hela ya dawa.

Sasa kumsikiliza, na hapa nawaomba sana. Ukimwita sebuleni, wewe umekaa kwenye kochi yeye kasimama, ukamuuliza "Kuna tatizo?", atajibu "Hakuna, dada," kisha atarudi jikoni na tatizo lake. Kaa naye mchambue mchele. Muulize jambo lenye jibu: mtoto anakusumbua zaidi saa ngapi? Chakula cha mchana kinakutosha? Nyumbani wanaendeleaje? Halafu nyamaza, usimjazie maneno. Msichana wa miaka 18 aliyelelewa kutomjibu mkubwa hatakufungukia siku ya kwanza, pengine hata wiki ya kwanza. Akifunguka akakwambia kwamba unamfokea mbele ya wageni, usijitetee palepale. Mwache amalize.

Yapo yasiyosubiriwa. Ukigundua anampiga mtoto, au akikwambia kuna mwanamume ndani ya nyumba anayemfuata usiku, awe shemeji yako, awe mume wako, chukua hatua siku hiyohiyo. Usimwambie avumilie, wala usimrudishe kwao kimyakimya ili kuficha aibu. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Natamani kila binti apewe namba hiyo siku anayofika, pamoja na funguo.

Na wewe unayemlalamikia dada kwamba hasemi, je, kwa bosi wako unasema? Sheria ileile inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, na ukirudi unaruhusiwa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Mwandikie bosi kabla ya kurudi, pendekeza saa zenyewe. Wengi hawaombi. Wanakaa na maziwa yanawauma mpaka saa kumi na moja, wanafika nyumbani wamefura, na anayefungua mlango ni dada.

Mume naye ajue mshahara wa dada unatoka mfuko gani, tena ajue mapema.

Kama dada wako ameshaondoka, mpigie. Uliza kwanza kama alifika salama. Kisha piga hesabu ya siku alizofanya mwezi huu umtumie pesa zake, hata kama aliondoka vibaya, hata kama alivunja sahani. Nguo alizoacha zikunje, mkubaliane utazituma kwa basi gani. Ndipo umuulize kilichomwondosha, na akianza kueleza usimkatize. Utakayoyasikia utayahitaji kabla hujampokea mwingine.