Kazi ya Kuuguza Mzee ni ya Nani?

Wengi wetu hudhani kwamba kumtunza mzee si kazi, bali ni desturi tu. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya Desemba, nilipomkuta Bibi amepooza upande mmoja, na dada yangu ameacha kushona nguo ili amwuguze.

Kwa juma moja nilimpokea dada kazi. Yapasa mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulala. Yapasa alishwe uji polepole asije akapaliwa. Siku ya tatu nilichoka kuliko nilivyopata kuchoka shambani. Dada alikuwa ameifanya kazi hiyo miezi saba.

Ndipo jamaa walipokutana. Baba mkubwa alitaka ndugu wachange fedha, dada apewe kitu kila mwezi. Baba mdogo akakasirika, akasema, "Kumlipa mjukuu amwuguze bibi yake ni kuuza mapenzi!" Wakaachana bila ya kuafikiana.

Niliporudi shuleni nilitafuta kujua mataifa mengine hufanyaje. Ujerumani ilianzisha bima ya kuwatunza wasiojiweza mwaka 1995. Huko mgonjwa aweza kuchagua kuletewa mwuguzi wa kuajiriwa, au kupokea fedha ampe ndugu anayemtunza. Tena ndugu huyo aweza kulipiwa michango ya pensheni yake. Japani nayo ilianza bima kama hiyo mwaka 2000, na kila mtu huchangia tangu atimizapo miaka 40. Lakini Wajapani walikataa kuwapa ndugu fedha. Hutoa huduma tu. Baadhi ya wanawake huko waliogopa kwamba fedha zingemfunga mke wa mwana nyumbani maisha yake yote. Karibu nasi, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wakazi wenye miaka 70 na zaidi, hata wasiopata kuajiriwa; lakini fedha hizo ni za mzee, si za amtunzaye.

Basi twaona kwamba desturi zatofautiana, lakini mataifa hayo mawili yamekubali jambo moja: kutunza ni kazi, nayo ina gharama. Asipoilipa mwingine, huilipa msichana mmoja kwa ujana wake.

Likizo ya Aprili jamaa walikutana tena. Bibi, ambaye maneno humtoka kwa shida, aliomba kusema. "Anayechunga ng'ombe wangu mwamlipa kila mwezi. Je, ng'ombe ni bora kuliko mimi?" Baba mdogo akainamisha kichwa, kisha akawa wa kwanza kutoa mchango. Sasa dada hupata posho, na siku mbili kwa juma shangazi humpokea, naye hurudi kwenye cherehani.

Wasomaji wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwendapo likizo, tazameni ni nani nyumbani kwenu asiyelala usiku, mkampokee.