Uandishi wa Matini katika Mikondo ya Herufi: Mfano wa Lugha za Uwanda wa Kati wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, katika wilaya za Kondoa na Chemba, lugha za asili tofauti kabisa zinaishi jirani. Kirangi ni lugha ya Kibantu, ambayo Guthrie aliiweka katika kundi F33. Kiburunge ni cha jamii ya Kikushi. Kisandawe kwa muda mrefu kimehesabiwa kuwa cha Khoisan kwa sababu ya sauti zake za kidoko, ingawa uhusiano huo haujathibitishwa. Kusini yake, kuuzunguka mji wa Dodoma wenyewe, imeenea Cigogo (G11).

Mtafiti anayekusanya msamiati wa lugha hizi leo hauhifadhi katika kadi tena; huuhifadhi katika kompyuta, na mara nyingi kwa programu aliyoiandika yeye au mwanafunzi wake. Makala haya yanachunguza hatua moja ndogo ya kazi hiyo, yaani pale programu inapoitoa matini kutoka katika kumbukumbu yake na kuiandika katika faili. Hatua hiyo hupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni ya kifundi tu, lakini ndipo irabu za Kirangi zinapoweza kupotea bila mtu kuambiwa. Lugha ya programu itakayotumika kama mfano ni Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1996, kwa kuwa ndiyo iliyotenganisha waziwazi mkondo wa baiti na mkondo wa herufi.

2.0 Baiti na Herufi

Neno mkondo linafaa hapa kwa maana yake ya kawaida: kitu kinachopita kwa mfuatano, cha mbele kikitangulia cha nyuma. Neno herufi lina utata kidogo. Katika sarufi herufi ni a, b, ch. Katika kompyuta, nafasi kati ya maneno, nukta na tarakimu nazo zahesabiwa. Pamoja na upungufu huo, herufi ni afadhali kuliko alama, neno ambalo tayari limebebeshwa kazi nyingi mno.

Diski haijui herufi. Hujua baiti tu, yaani namba kuanzia 0 hadi 255. Kwa hiyo kila herufi lazima igeuzwe kuwa baiti kwa kufuata msimbo fulani. Kiswahili sanifu, chenye irabu tano na herufi zinazopatikana katika taipureta yoyote, hakimsumbui mtu hapa: kila herufi yake ni baiti moja katika karibu misimbo yote, na mwandishi wa programu anaweza kuishi miaka mingi bila kugundua kuwa baiti na herufi ni vitu viwili. Pengine hiyo ndiyo hasara ya kujifunzia kazi hii kwa Kiswahili au Kiingereza peke yake.

Kirangi kina irabu saba. Mbili kati yake huandikwa ɨ na ʉ, na wenyewe huiita lugha yao Kɨlaangi. Katika orodha ya Unicode, ɨ ni namba 0268 na ʉ ni 0289, kwa hesabu ya kumi na sita. Namba hizo haziingii katika baiti moja.

Java ina njia za zamani zinazoandika baiti moja kwa kila herufi kwa kuitupa nusu ya juu ya namba. Mojawapo ni writeBytes ya klasi ya DataOutputStream. Njia hiyo ikipewa neno Kɨlaangi, namba 0268 hubaki 68, na 68 ni herufi h. Faili husomeka Khlaangi. Hakuna onyo lolote, na neno lenyewe linaonekana kama kosa la mpiga chapa.

3.0 Klasi ya Writer

Dawa ililetwa na toleo la 1.1 la mwaka 1997, ambamo iliongezwa klasi dhahania iitwayo Writer. Klasi hii haijui kama inaandika katika faili, katika mtandao au katika kumbukumbu. Inaweka mkataba tu: kila mrithi wake ataweza kuandika herufi kadhaa kutoka katika safu, kusukuma nje zilizobaki, na kufunga. Njia nyingine, kama ile ya kuandika neno zima kwa mara moja, zimekwisha kujengwa juu ya hizo tatu na hurithiwa bure.

Hapa ndipo faida ya uprogramu wa vitu inapoonekana. Sehemu ya programu inayopanga kamusi hupewa kitu cha aina ya Writer bila kuelezwa ni kipi. Leo kikiwa StringWriter, matini hubaki katika kumbukumbu kwa ajili ya majaribio. Kesho kikiwa OutputStreamWriter, matini hiyohiyo huenda katika diski. Kwa kawaida vitu hivi huvikwa kimoja juu ya kingine:

Writer kalamu = new BufferedWriter(
  new OutputStreamWriter(
    new FileOutputStream("miezi.txt"),
    StandardCharsets.UTF_8));
kalamu.write("Kʉvɨɨrɨ");
kalamu.close();

Kitu cha ndani kabisa hupokea baiti. Cha katikati ndicho mkalimani: hupokea herufi na kutoa baiti kwa msimbo aliotajiwa. Cha nje hukusanya.

4.0 Msimbo na Irabu

Neno lililoandikwa hapo juu ni jina la mwezi wa Agosti katika Kirangi, kama lilivyo katika CLDR, hazina ya taarifa za lugha inayosimamiwa na Unicode Consortium. Tangu toleo la 9 la mwaka 2017, Java huichota hazina hiyo yenyewe, hivyo programu ikiomba majina ya miezi kwa lugha yenye kifupi lag huletewa Kʉfúngatɨ kwa Januari, Kʉnaanɨ kwa Februari, Kwiikumi kwa Aprili, Kʉsaatʉ kwa Septemba na Kʉsaano kwa Novemba. Msomaji wa Kiswahili atatambua nane, kumi, tatu na tano ndani yake, na kuona kuwa mwezi wa kwanza katika hesabu hii ni Julai.

Kʉvɨɨrɨ ina herufi saba. Katika UTF-8 konsonanti zake tatu huchukua baiti moja moja na irabu zake nne baiti mbili mbili, jumla 11. Mambo mawili yanaweza kwenda kombo, nayo hayalingani kwa uzito.

La kwanza ni faili kuandikwa sawasawa kwa UTF-8 kisha kusomwa kwa msimbo mwingine, kama ule wa Windows-1252. Msomaji ataona KÊ‰vÉ¨É¨rÉ¨. Inatisha kuiangalia, lakini hakuna kilichopotea: baiti zote 11 zipo, na faili ikisomwa upya kwa msimbo unaostahili neno hurudi.

La pili ni mkalimani mwenyewe kupewa msimbo usiokuwa na herufi hizo, mathalani ISO-8859-1, wenye nafasi 256 tu. OutputStreamWriter hailalamiki. Mahali pa kila herufi asiyoijua huweka alama ya kuuliza, na faili hupokea K?v??r?. Irabu zote nne zimekwenda, na hakuna awezaye kujua kutokana na faili hiyo ipi ilikuwa ɨ na ipi ʉ. Ikiwa sauti ya msemaji haikurekodiwa, au daftari limetupwa, itabidi kurudi Kondoa. Kosa linaloonekana dogo machoni ndilo lisilo na tiba.

Jambo hili halikuwa nadra. Klasi ya FileWriter, inayopendwa kwa ufupi wake, ilifuata msimbo wa kompyuta iliyotumika, na hadi toleo la 11 la mwaka 2018 haikuwa hata na nafasi ya kutajiwa msimbo mwingine. Programu moja iliweza kuandika vizuri katika mashine moja na kuharibu katika ya pili. Toleo la 18 la Machi 2022 lilifanya UTF-8 kuwa chaguo la msingi. Hata hivyo System.out ingali inafuata msimbo wa kiwambo, hivyo alama za kuuliza zinaweza kuonekana katika kioo ilhali faili ni salama. Faili na ichunguzwe yenyewe.

5.0 Bafa

BufferedWriter hukusanya herufi katika bafa, kwa kawaida 8,192, kabla ya kuzipeleka mbele kwa mkupuo. Maji ya visima vya Makutupora nayo hukusanywa katika matangi kabla ya kugawiwa Dodoma, kwani kupeleka kikombe kimoja kimoja ni gharama. Lakini kilichomo katika bafa bado hakijaandikwa. Umeme ukikatika, au programu ikikoma bila kuita close, maneno ya mwisho ya siku hayapo. Njia ya flush huyasukuma nje, na tangu toleo la 7 la mwaka 2011 Java inaweza kufunga mkondo yenyewe hata kosa likitokea njiani. Ieleweke pia kuwa flush hukabidhi baiti kwa mfumo endeshi tu. Kuhakikisha kuwa zimefika katika diski ni ombi jingine.

PrintWriter inastahili tahadhari ya pekee. Njia zake za kuandika hazitoi taarifa ya kosa la uandishi. Diski ikijaa, itaendelea kupokea maneno kwa utulivu, isipokuwa ikiulizwa kwa checkError.

6.0 Herufi Kubwa, Toni na Alama Zinazofanana

Herufi ndogo ʉ iliingia katika Unicode mapema, lakini kubwa yake, Ʉ, iliongezwa mwaka 2006 tu, katika toleo la 5.0. Java ya 6 ilifuata Unicode 4.0. Kichwa cha habari kilichogeuzwa kuwa herufi kubwa kwa Java hiyo kilitoka KʉVƗƗRƗ, ʉ ikibaki ndogo kati ya wenzake.

Toni nayo ina hesabu yake. Herufi ú ya Kʉfúngatɨ ni moja katika Unicode, lakini ʉ yenye toni ya juu huundwa kwa mbili: ʉ, kisha alama ya toni inayoipanda juu. Programu inayokata neno kwa idadi ya herufi kabla ya kuliandika inaweza kuacha irabu upande huu na toni yake upande wa pili.

Kwa Kisandawe hatari ni ya macho. Kidoko kimoja huandikwa na wanaisimu kwa alama ǃ, namba 01C3, ambayo haitofautiani kwa sura na alama ya mshangao, namba 0021. Mkondo huandika namba wala si sura. Orodha iliyopigwa na watu wawili, mmoja kwa alama hii na mwingine kwa ile, itaonekana sawa ikichapwa, lakini mtafutaji wa neno atapata nusu ya mifano yake. Hata ng'ombe, mnyama asiyekosekana katika matini ya Cigogo wala ya Kiswahili, huandikwa kwa ritifaa mbili tofauti: ile iliyonyooka ya kibodi, na ile iliyopinda inayowekwa na programu za uandishi, ambayo katika ISO-8859-1 haimo na hutoka ng?ombe. Ni vyema mtayarishaji wa kamusi aamue ritifaa moja kabla ya neno la kwanza kuingia katika mkondo, na uamuzi huo uandikwe katika programu yenyewe.