Homa ya Mnyama: Pima Kwanza, Sindano Baadaye

Ng'ombe akijitenga, masikio yamelegea na hacheui, wafugaji wengi hukimbilia sindano ya kushusha homa. Anza na kipimajoto. Kipake mafuta, kiingize njia ya haja kubwa kiguse ukuta wa utumbo, usubiri dakika mbili. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni nyuzi 38 hadi 39.3. Aliyetoka juani mpumzishe kivulini kabla ya kumpima.

Homa huletwa na mwili wenyewe, kwani virusi vingi huzaana kwa shida kwenye joto kali. Mwaka 1987 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya sungura walioambukizwa virusi vya sotoka: waliopewa dawa za kushusha homa walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo homa ya wastani, mnyama akiwa bado anakula na kunywa, haihitaji kuharakishiwa dawa.

Mambo hubadilika maumivu yanapomzuia kula. Kwenye mapele ngozi au ugonjwa wa miguu na midomo, daktari wa mifugo anaweza kutoa dawa za kutuliza maumivu na homa, kama meloxicam au flunixin, ili mnyama apate nafuu na kurudia malisho. Dawa hizi haziui virusi. Antibayotiki nazo haziviui; kazi yake ni vidonda vilivyoingiwa na bakteria.

Jihadhari na mambo haya:

• Kuficha ugonjwa. Ndigana kali, isiyo ya virusi, nayo huanza na homa na kuvimba matezi chini ya masikio. Ukishusha homa tu, unapoteza siku za tiba yake. Andika joto kabla ya sindano, umwonyeshe daktari.

• Upungufu wa maji. Mbwa mwenye ugonjwa wa virusi wa parvo anayetapika na kuharisha damu anahitaji maji mwilini kwanza. Dawa za kushusha homa zinaweza kumharibia figo.

• Vidonge vya binadamu. Nusu kidonge cha paracetamol inaweza kumuua paka: fizi hugeuka kahawia, uso huvimba. Ibuprofen na diclofenac humtoboa mbwa tumbo.

• Maziwa na nyama. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa.

Homa ikizidi nyuzi 41, au ukiona malengelenge mdomoni au mapele mwilini, mtenge mnyama, usimpeleke mnadani, na umwite ofisa mifugo siku hiyohiyo.